Mama Alipoacha Kunisemesha

Juzi niliteremka stendi ya Kibondo mvua ikiwa imetoka kukatika. Pembeni kulikuwa na lori la maharage linaungurumishwa, linatema moshi mweusi juu ya tope bichi, na ile harufu ya dizeli iliyochanganyika na udongo uliolowa ikanipanda puani. Mimi mtu mzima, mzigo begani, simu mkononi, nikajikuta nimeganda pale pale kwenye dimbwi. Kondakta akaniuliza, "Dada, umesahau kitu garini?" Nikamwambia hapana, nikaenda zangu kutafuta mahali pa kukaa na chai ya rangi.

Ninyi wenzangu mliosoma darasa la pili miaka ile, hasa wa huku kwetu milimani, mtanielewa nikisema kwamba wengi wetu tulijifunza kusoma huku tunatetemeka. Kuna walioogopa fimbo. Kuna walioogopa kubakishwa darasa, wenzao wapande la tatu wawaache wamekaa na wadogo zao. Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine kabisa, na sikumwambia mwenzangu hata mmoja, kwa sababu ingekuwa kama kuuchuuza uhai wa mtu. Niliamini kwamba nisipojua kusoma, mama yangu atapakiwa kwenye gari apelekwe ng'ambo ya mpaka, na sitamwona tena.

Msinicheke. Mtoto hajengi imani yake hewani, huwa kuna kitu amekiona.

Nyumbani kwetu ni Heru Juu, upande ule wa mlima ambao ukungu hauondoki mpaka jua lipate hasira. Baba ni Muha wa hapo hapo, babu zake wamezikwa nyuma ya migomba. Mama alivushwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa bibi, hajui hata kutembea, akakulia huku, akaolewa huku, akaja kupewa karatasi zake za uraia kama watu wengine. Kiha cha baba na Kirundi cha mama ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nyumbani kila mtu alisema chake na wote tulielewana. Baba alipenda kumtania mama kwamba anaongea kama anaimba, na mama anamjibu kwamba yeye anaongea kama anayepasua kuni. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha redio na cha mnadani. Baba hakukaa sana nyumbani. Alikuwa anazunguka kununua maharage, mara Munanila, mara Kibondo, anarudi mwisho wa juma amechoka na vumbi mpaka kwenye kope.

Jirani yetu alikuwa Mama Nyandwi, naye alitoka ng'ambo kama mama, ila yeye alikuja ukubwani na karatasi hakuwa nazo. Kazi yake kusuka. Alisuka vichwa vya watoto wote wa upande ule, na mkono wake ulikuwa mwepesi, hauvuti, tena alikuwa anakuacha ulale mapajani kwake ukichoka. Msimu ule watu wasio na karatasi walikuwa wanatafutwa na kurudishwa kwao. Watu wazima walilizungumza kwa sauti ya chini, wakituona wanabadilisha mada wanaanza kuuliza habari za mihogo.

Alikuwa amenisuka nusu kichwa, giza likatukuta, akaniambia nirudi kesho amalizie. Kesho yake asubuhi, mvua imekatika, nikatoka na nusu yangu ya kichwa kumfuata. Kwenye mlango wake kulikuwa na pikapu nyeupe inaunguruma. Nikajibanza nyuma ya mihogo. Bwana mmoja aliyevaa koti la mvua alimpa Mama Nyandwi karatasi. Akaipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa, akaitazama, kisha akatikisa kichwa na kuirudisha. Yule bwana akasema jambo, sikulisikia. Mama Nyandwi akaingia ndani, akatoka na kifurushi, akapanda nyuma. Gari likateleza kwenye tope, magurudumu yakazunguka bila kwenda, moshi ukajaa mpaka kwenye mihogo nilikojificha, halafu likashika na likaondoka.

Leo najua mambo yalikuwa yameshaamuliwa kabla ya lile gari kufika, na ile karatasi ilikuwa ya kutiwa sahihi tu. Lakini mimi wa wakati ule niliona kwa macho yangu: mtu amepewa karatasi asome, ameshindwa, amechukuliwa. Nilirudi nyumbani mbio. Mama alinifumua ile nusu ya nywele, na vidole vyake vilikuwa vizito, vinavuta.

Mama naye hakujua kusoma.

Sasa njooni darasani. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Edina, binti mdogo tu, mzaliwa wa Kibondo, amepewa darasa linalojaa mpaka sakafuni. Alitufundisha kwa vizibo vya soda na vijiti alivyovikata mwenyewe. Kuhesabu kwangu hakukuwa na shida. Nilikuwa nimeshafundishwa shambani: mama anapiga shimo kwa jembe, mimi natupia maharage, mawili mawili, na nikikosea ananirudisha nyuma kwenye shimo lile lile bila kunigombeza. Mtoto aliyepanda maharage na mama yake hahitaji kuambiwa mbili mara kumi ni nini, mkono wake unajua.

Kusoma ndiko kulikonishinda. Ba be bi bo bu niliimba vizuri kuliko wote, nilikuwa na sauti. Mwalimu akifungua ukurasa wenye picha ya kuku, mimi nasema maneno yote ya ukurasa wa kuku, bila kukosea, kidole kinatembea kwenye mstari kama cha msomaji hasa. Kumbe nasoma picha. Ukifunika kuku, mimi sina kitu. Herufi zilikuwa sisimizi tu waliopita kwenye karatasi wakafia humo. Mpaka leo nikimsikia mzazi anajisifu kwamba mtoto wake wa darasa la kwanza anasoma kitabu kizima, huwa natamani nimwambie hebu funika picha kwanza.

Siku moja Mwalimu Edina akatutangazia. Wageni watakuja kutoka wilayani. Kila mtoto wa darasa la pili atapewa ukurasa ambao hajawahi kuuona, asome peke yake mbele yao. Wazazi nao wataalikwa, wakae ukutani wasikilize, kwa sababu mtoto akimwona mzazi wake anamsikiliza anapata nguvu. Wenzangu wakaanza kunong'ona kuhusu soda kama zitakuwepo. Mimi nikanyoosha mkono.

"Watakuja na gari, mwalimu?"

"Watakuja na gari, ndiyo."

"Gari gani?"

Darasa likacheka. Mwalimu Edina akacheka kidogo pia. "Wewe soma, gari waachie wenyewe."

Nikakaa chini. Gari litakuja, karatasi zitagawiwa, na mama atakuwa amekaa pale pale ukutani, hawana hata haja ya kumtafuta nyumbani. Nilipiga hesabu yangu ya kitoto: kama mimi nitasoma vizuri sana, labda watadhani na mama anajua, wasimpe ya kwake. Basi kazi yangu ikawa hiyo, kusoma kwa ajili ya watu wawili.

Kabla ya wageni kukawa na kikao cha wazazi. Mama alivaa kitenge chake cha kutokea, akambeba mgongoni mdogo wangu Eliasi, akaenda. Aliporudi, nilikuwa nimeinjika mihogo jikoni. Nikamwamkia kama siku zote, kwa lugha yetu. Hakuitikia. Akanitazama kidogo, akasema kwa Kiswahili, "Toa kuni." Halafu akanyamaza.

Nilidhani nimekosea kitu. Nikapunguza kuni. Nikasubiri anigombeze kwa maneno yetu, yale marefu yenye methali ndani, anigombeze mpaka nicheke. Hakunigombeza. Siku ile ikapita hivyo, na iliyofuata, na nyumba yetu ikaingia kimya ambacho sijawahi kukisikia tena mahali popote.

Inabidi niwaeleze mama alivyokuwa kabla. Jioni wakati sufuria iko motoni, mama alikuwa anatuita kwa mwito wa vitendawili wa kwao. Anasema, "Sokwe," nasi tunajibu, "Niruze." Kisha anatega. Babu yangu ni mtamu akioza, ni nani? Ndizi mbivu. Tukishindwa anatutesa kwanza, anadai tumpe mji, tumpe ng'ombe, tumpe kilima chote mpaka kanisani, ndipo atoe jibu. Nilikuwa najua vitendawili vyake vyote na bado nilikuwa najifanya nimeshindwa ili tu nimpe kilima. Eliasi, aliyekuwa anaanza kutamka, neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Alisema "ruze", akipiga makofi, watu wazima wakavunjika mbavu.

Sasa yote yakaisha. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha kanisani: bei gani, ongeza, kaa, kula, njoo, asante, Bwana asifiwe. Kwa maneno hayo huwezi kulea watu. Basi akawa anatuonyesha kwa mkono. Akitaka maji anaonyesha dumu. Eliasi akawa analia bila sababu, na hakusema tena "ruze". Baba alipokuja mwisho wa juma, alikaa kidogo, akasikiliza, akauliza, "Humu ndani kuna msiba ambao sijaambiwa?" Mama akamjibu kwa Kiswahili, "Hapana." Baba akatazama juu kwenye nyasi za paa, akatoka nje kutengeneza baiskeli yake ambayo haikuwa mbovu.

Mimi nilijua maana yake, au nilidhani najua. Mama anauficha ulimi wake. Ameshaanza kujificha. Nilimwona njiani, bodaboda ikipita na mtu asiyejulikana, anavuta kanga mpaka mdomoni. Nilimwona mnadani ananyoosha kidole kwenye migebuka, samaki wa ziwani, badala ya kuuliza. Kila alichofanya nilikitia kwenye hofu yangu na kikaenea vizuri, na hofu ya mtoto jamani haina mipaka, inakula kila unachoipa. Nikisikia mlio wa injini kule chini barabarani, nilikuwa nasimama katikati ya mlango, mikono nimeitandaza, eti nizuie.

Shuleni nikaharibika kabisa. Hata zile nyimbo za silabi zikanitoka. Mwalimu akiniita, naona ule mkono wa koti la mvua unanyoosha karatasi. Siku moja Mwalimu Edina alichuchumaa kando ya dawati langu akaniuliza taratibu, "Unaumwa? Nyumbani kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Ningemwambiaje? Yeye ndiye aliyewaalika wenye gari. Akanishika paji la uso, akasema nikanywe maji.

Nimesomea mambo haya baadaye kidogo, na nimewasikia wataalamu wanaeleza mtoto mdogo anajifunzaje. Wanasema mengi na mengi ni ya kweli. Mimi ninachokijua kwa mwili wangu ni kimoja, kwamba mtoto mwenye hofu anasikia sauti ya mwalimu lakini maneno hayafiki. Unaweza kumpiga, unaweza kumnunulia madaftari, hayafiki.

Yaliyonifungua yalitokea mchana mmoja wa maharage. Tulikuwa tumeshayapura, mama amekaa mkekani uani anachambua, anatoa mawe na yaliyooza. Mimi nimekaa pembeni na kitabu cha kuazima, natazama ukurasa bila kuona. Huko chini gari likapita. Lilikuwa lori la watu, linaenda zake mjini, lakini mimi kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshamrukia mama na kumziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa hata haongei.

Akautoa mkono wangu polepole. Akanitazama. Na mimi nikamuuliza kwa lugha yetu, ambayo sikuwa nimeisema ndani ya ua ule tangu kikao, "Mama, watakuchukua?"

Alisahau Kiswahili chake. "Nani anichukue?"

"Wa gari wanaokuja shule. Watakupa karatasi. Mama Nyandwi walimpa, akashindwa kusoma."

Mama akayaacha maharage. Kisha akanivuta, akanikalisha mapajani, mtoto mkubwa kama mimi. "Hora," akasema, hilo ndilo neno letu la kumbembeleza mtoto anayelia. "Hora, mwana wanje. Hawamchukui mtu kwa kutojua kusoma. Mama Nyandwi hakuwa na karatasi zake. Mimi ninazo, baba yako kazifunga kwenye nailoni, ziko darini."

"Sasa mbona hunisemeshi?"

Hapo ndipo alipolia. Si sana, alilia kama mtu anayefuta jasho. "Kwenye kile kikao Mwalimu Mkuu alisema tuongee na ninyi Kiswahili nyumbani. Alisema watoto hawajui kusoma kwa sababu ya lugha zetu. Akasema samaki mkunje angali mbichi. Basi nikaona ni mimi ninayekuharibu. Nikasema nifunge huu mdomo mpaka ufaulu. Ningekupa Kiswahili, mwanangu, lakini sinacho cha kutosha."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ananisaidia. Mwalimu Mkuu yule alitaka mema, simlaumu, ila hakujua anamwambia nani. Kwa mwenye Kiswahili ni ushauri mzuri tu. Mama yangu aliusikia akaenda nyumbani akajinyima sauti, kama wanavyojinyima wazazi wengine chakula ili mtoto ale. Na mimi nilikuwa nakufa kwa ile ile njaa aliyodhani ananiponya nayo.

Mwisho akasema, kwa aibu kidogo, "Hebu nionyeshe hiyo shule yako ikoje." Nikachukua maharage nikampangia mkekani herufi moja moja, kama Mwalimu Edina alivyotupangia vizibo. Hii ni i, inalia hivi. Hii ni o, inalia hivi. Hizi mbili zikikaa pamoja zinalia ng. Mama alikuwa anarudia kwa makini, midomo yake inafuata yangu. Akauliza, "Zinasema Kiswahili tu?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikamwambia, "Taja neno."

"Ngwino," akasema. Ndilo neno aliloniita nalo kila siku ya maisha yangu, maana yake njoo.

Nikaanza kulitafuta. Nikalisema polepole, nikasikia linaanza na ile ng, nikaipanga. Halafu w. Halafu i. Maharage yakaniishia nikaongeza yale yaliyooza. No. Nikarudi mwanzo, nikaweka kidole, nikasoma: ngwi, no. Na hapakuwa na picha. Hapakuwa na kuku wala mbuzi wa kunisaidia, kulikuwa na maharage tu kwenye mkeka, na yalisema. Nilisoma tena. Nikahisi baridi ya ajabu kichwani, kama umemwagiwa maji, nikajua kwamba wale sisimizi kumbe wakati wote walikuwa sauti za watu.

Mama aliinama akaangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe na sisi tunaandikika."

Tangu siku ile tulifanya kazi. Mama aliendelea na Kirundi chake bila woga, vitendawili vikarudi, na kila jibu la kitendawili nililipanga kwa maharage kabla ya kuruhusiwa kula. Yeye hakunifundisha kusoma, asingeweza. Alikaa tu akanisikiliza. Nikisoma kitabu cha shule ananiambia, "Rudia hapo, sauti imetetemeka," au, "Hapo hujaelewa ulichosema." Alikuwa anasikia hata Kiswahili asichokijua kama nimekielewa au nimekipita tu. Na nikikosea ananirudisha nyuma bila kunigombeza, kama kwenye shimo la maharage.

Lakini nisiwadanganye kwamba hofu iliisha. Mama aliponiambia hawachukui mtu, aliniambia huku anatazama barabarani. Niliona. Mtoto anayasikia maneno, ila anaamini macho ya mzazi wake.

Siku ya wageni iliamka na ukungu mzito. Mama alitangulia kuamka, nikasikia anahangaika chumbani kwa muda. Alitoka amejitanda kitenge mpaka shingoni, Eliasi mgongoni, akaniambia twende. Alitembea polepole kuliko kawaida yake, na alikuwa anahema kwenye mlima ambao siku zote anaupanda na kuni kichwani.

Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa mbele ya ofisi. Nadhani ni gari lingine, pikapu nyeupe ni nyingi duniani. Nikamshika mama kitenge. Akanibandua vidole kimoja kimoja. "Nenda kwenye mstari," akasema.

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja mwenye miwani na bwana mmoja aliyekuwa anaandika. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ya ukutani. Darasa lilikuwa na baridi, wengine wamejikunyata, lakini mama yangu alikuwa anatoka jasho. Lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu na hakulifuta. Niliwaza kwamba amejua. Ameshaona jambo ambalo mimi sijaliona.

Wakaniita. Yule mama mwenye miwani akanipa ukurasa, nikaupokea kwa mikono miwili, na nilipoona mikono yangu miwili imeshika ile karatasi nilitaka kupiga kelele. Hapakuwa na picha hata moja. Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, nikaisikiliza, nikaiunga na ya pili. Ilikuwa habari ya mbuzi aliyekula mboga za jirani. Nilisoma kwa sauti ndogo, nikasikia mama anakohoa ukutani, nikapandisha sauti. Mbuzi akafukuzwa. Jirani akasamehe. Nikafika kwenye nukta ya mwisho na bado nilikuwa nimesimama.

"Vizuri sana," yule mama akasema. "Mzazi wake yupo?"

Sikuwahi kufikiria watamwita. Mama akasimama.

"Hongera, mama. Nyumbani nani anamsaidia huyu?"

Nikatazama ubao. Nikasikia sauti ya mama yangu, kavu, na kila herufi imebeba kwao: "Ni mimi. Namusikiriza."

Yule bwana aliyekuwa anaandika akainua kichwa. "Mama, kwenu wapi?"

Mwalimu Edina aligeuka akamtazama yule bwana. Mama akarekebisha mbeleko ya Eliasi.

"Hapa," akasema.

"Hapa Heru?"

"Hapa."

Bwana akatikisa kichwa kukubali, akaandika anachoandika. "Basi mama, mwendelee hivyo hivyo, umsikilize," akasema, akaita jina la mtoto mwingine. Mama akakaa. Mpaka leo sijui kwa nini aliuliza. Labda alitaka tu kuzungumza, watu wa ofisini nao huchoka.

Tulirudi nyumbani, mama anatembea mbele, mimi nafuata nyayo zake kwenye njia. Nilikuwa nimesoma, na mama yupo. Nilitaka kuruka, lakini miguu ilikuwa haijaamini bado.

Alimtua Eliasi mkekani, akaingia chumbani. Nilimfuata nimwambie habari ya yule mbuzi. Nilimkuta anavua nguo. Alivua kitenge. Akavua gauni la kanisani, na chini ya gauni la kanisani kulikuwa na gauni la kazi, na chini ya la kazi kulikuwa na lingine, yote yamelowa jasho yameshikana. Halafu akafungua kanga aliyokuwa amejifunga tumboni kwa ndani, akatoa ile nailoni ya karatasi zake, akatoa sweta la Eliasi, kofia ya Eliasi na nepi zilizokunjwa vizuri, akazipanga kitandani moja moja.

Nilisimama mlangoni. Nilitazama zile nguo, nikakumbuka kifurushi cha Mama Nyandwi, nikatafuta sweta langu lilipo. Halikuwepo. Nikatafuta tena.

"Mama, na za kwangu?"

Hakugeuka. Alikuwa anakung'uta gauni la kanisani alitundike likauke.

"Za kwako za nini?" akasema. "Wewe kesho una shule."